Mkakati unasema mafuta, miradi inasema gesti: naoanishaje?

Mpangaji_Kizota:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, kitengo cha mipango kwenye kampuni ya kukamua alizeti. Bodi ilipitisha mkakati wa miaka mitatu na kiini chake ni kimoja: kiwanda kikamue mwaka mzima, kisisimame Desemba kwa kukosa alizeti. Umewekwa kwenye fremu pale mapokezi.

Sasa oneni miradi yenyewe: gesti Mtumba (ati watumishi wa serikali wamehamia huko), mashine ya tofali, programu ya simu ya kuagizia mafuta, na upanuzi wa ghala. Mzee mwenye kampuni kila akitoka Nanenane pale Nzuguni anarudi na vipeperushi na mradi mpya. Kila msimamizi ana maelezo matamu ya jinsi mradi wake unavyobeba mkakati. Ghala ndilo limekwama, bati limefika nusu. Nimeambiwa nilete utaratibu wa kuoanisha miradi na mkakati kabla ya kikao cha bajeti. Nianzie wapi, na Mzee nimwambieje bila kuonekana namfundisha kazi?

Mwana_UDOM:
Tumia jedwali la kupima utendaji wa kampuni la Kaplan na Norton la mwaka 1992, lina pande nne: fedha, wateja, michakato ya ndani, kujifunza na kukua. Andika malengo chini ya kila kimoja, kila mradi upewe alama, wenye alama ndogo uondoke.

Mhasibu_Singida:
Mkuu hapo juu hajakosea, ila alama zisizo na fedha wala tarehe kila mtu atajipa nane kwa kumi. Gesti itaandikwa "kupanua vyanzo vya mapato", programu itaandikwa "kumfikia mteja". Utabishana nayo vipi?

Chukua kalenda. Alizeti ya kanda ya kati inapandwa Desemba na Januari, inavunwa kuanzia Mei. Mkulima anauza palepale kwa sababu ana madeni, na bei iko chini. Novemba gunia lilelile unalinunua huku unaugulia, kama lipo. Kwa hiyo mkakati wenu, ukiutoa mapambo, unadai vitu viwili: fedha taslimu Juni, na mahali pa kuweka mzigo. Kila mradi uulizwe: unachukua shilingi ngapi kati ya Mei na Julai? Unaongeza siku ngapi za kukamua? Gesti inanunua saruji mwezi uleule wa kununua alizeti na haiongezi hata siku moja. Sisemi ni biashara mbaya, huenda Mtumba ikalipa kuliko mafuta. Basi bodi ibadili mkakati waziwazi, isiendeshe miwili kwa mfuko mmoja.

Ghala lipigie hesabu mbele yao. Tuseme mashine zinakula tani 10 kwa siku, siku 25 kwa mwezi: tani 250. Septemba hadi Aprili ni miezi 8, yaani tani 2,000. Kisha uliza ghala la sasa linabeba ngapi, unyamaze. Na kuna kitu sijakiona kwenye orodha yako: kipima unyevu na mbao za kuinua magunia sakafuni. Alizeti ikiingia mbichi inapata joto na ukungu, utakuwa umejenga ghala la kuozeshea mali. Ni fedha ndogo, ndiyo maana haina msimamizi wa kuipigia debe.

Kijana_wa_Area_C:
Nanenane ni Agosti. Mwekeeni Mzee daftari la mawazo, lifunguliwe kikao cha bajeti tu. Kipeperushi kikilala miezi kadhaa humo, vingine vinajifia vyenyewe 😂

Mpangaji_Kizota:
La kalenda nimelishika, asanteni. Shida gesti imeshafika lenta, kuta zimepita madirisha. Mzee anasema huwezi kuacha fedha zote zile zipotee.

Mhasibu_Singida:
Zilizoingia zimeingia, ziondoe kwenye hesabu. Linganisha kinachohitajika kutoka lenta hadi mgeni wa kwanza kulala na faida ya fedha hizohizo zikinunua alizeti Juni. Kama alizeti inashinda, kuta zifunikwe juu zisiliwe na mvua, zisubiri msimu wa kununua upite.

Kwa Mzee usipeleke hotuba. Karatasi moja: miezi 12 juu, miradi pembeni, mstari wa manunuzi ya alizeti chini kabisa. Mpe kalamu, mwache akate mwenyewe. Wazee wa biashara wanajua kusoma mfuko kuliko sisi, ilimradi uwekwe wote mezani.

Na ile programu ya simu, waulizeni kwanza mawakala wenu wa Majengo na Sabasaba wanaagizaje sasa hivi. Kama wanapiga simu na gari linafika, iacheni.