Klachi ngumu kwenye CG125 ya zamani: nibadili kebo au nifungue injini?

Kasulu_Juu
Habari zenu wakuu. Nina Honda CG125 ya zamani, kazi yake ni kubeba madumu ya mawese kutoka vijijini hadi Kasulu mjini. Klachi imekuwa ngumu kidogo kidogo, sasa hivi bila kiganja kizima haikamatiki. Ukiachia liva inarudi polepole, mara nyingine inabaki katikati mpaka uisukume. Gia zinaingia vizuri na mlimani haitelezi. Oili ni 20W-50 ya pikipiki, bado mpya. Fundi mmoja anasema springi, mwingine anataka nibadili seti nzima ya klachi. Nianzie wapi?

SpanaKumi
Usinunue chochote kwanza. Umeshataja dalili kubwa mwenyewe bila kujua: liva inarudi polepole. Springi zikiwa ngumu kupita kiasi, liva inakuwa nzito kuvuta lakini ukiachia inarudi kwa kishindo. Nzito halafu inarudi kivivu maana yake kuna kitu kinasugua njiani: kutu, vumbi au waya uliochanika. Pleti za klachi (diski zinazobanana ndani yake) hazihusiki kabisa. Zikiisha klachi inateleza, haiwi ngumu.

Tenganisha mfumo vipande viwili. Legeza nati za kurekebishia kebo upande wa injini, kisha chomoa kichwa cha waya kwenye ule mkono mdogo ulio juu ya kava ya kulia. Sasa vuta liva ya usukani. Haina mzigo wowote, kwa hiyo inatakiwa iende kwa kidole kimoja. Ikikwaruza au ikikaza, ugonjwa uko kwenye kebo au kwenye liva yenyewe. Chomoa na kichwa cha juu, uuvute waya mtupu kwa mkono ujue ni kipi kati ya hivyo viwili.

Halafu usukume mkono wa injini kwa kidole. Mwanzoni una nafasi ndogo ya kucheza kabla haujagusa springi za klachi. Katika nafasi hiyo unatakiwa uende mwepesi na urudi wenyewe. Ukigoma hapo, shafti yake (mhimili unaozungushwa na huo mkono) imeshika kutu ndani ya kava. Lete majibu.

fundi_gungu
Nyongeza kabla hajachomoa: ageuze usukani kushoto kabisa, avute klachi, kisha kulia kabisa, avute tena. Uzito ukibadilika, kebo imepita vibaya. Nyingi zimefungwa kwa mpira wa tyubu pamoja na waya za umeme pale shingoni, inapinda kona kali na waya unajisugua kwenye ganda. Ifungue, iache ipinde kwa duara pana.

Aangalie pia kwa tochi pale waya unapoingia kwenye liva. Kile kichwa cha risasi kinatakiwa kizunguke ndani ya tundu lake. Kikikauka hakizunguki, waya unakunjwa kila unapovuta na nyuzi zinakatika moja moja. Ukiona hata uzi mmoja umesimama, hiyo kebo ni ya kutupa. Oili haiungi waya.

Kasulu_Juu
Nimefanya. Kebo peke yake inakwenda ila inakwaruza kidogo, nyuzi zote nzima. Mkono wa injini ndio mbaya, ukiusukuma unabaki hapo hapo, hauendi wala haurudi. Chini yake kuna unga mwekundu, sijui ni vumbi au kutu.

fundi_gungu
Vyote viwili, kwa barabara zetu. Mimi nitasema ya kebo, SpanaKumi amalizie ya injini.

Toa kebo nzima, itundike wima. Chukua mfuko mdogo wa nailoni, kata kona, uvalishe ncha ya juu ya ganda na ufunge kwa rababendi ibane vizuri. Mimina vijiko viwili vya mafuta ya taa kwanza, sukuma waya juu na chini. Yatatoka chini yakiwa ya kahawia. Rudia mpaka yatoke meupe, kisha acha yakauke. Baada ya hapo weka oili ya cherehani au oili mpya ya injini, iache usiku kucha ishuke yenyewe.

Usitie grisi ndani ya ganda. Inakamata vumbi, na baada ya muda inageuka tope. Oili chafu ya kumwaga injini nayo hapana, ina masizi na unga wa chuma. Na kwa kuwa uko Kigoma lazima niseme: mawese hapana! Yanaganda asubuhi kukiwa na baridi na yakizeeka yanakuwa gundi. Grisi mahali pake ni kwenye vichwa viwili vya waya na kwenye bolti ya liva. Hiyo bolti ichomoe, isugue kwa msasa laini, paka grisi kiasi cha punje ya mahindi, kaza mpaka ifike tu, kisha nati ya chini ndiyo uibane. Ukiikaza sana unabana liva yenyewe.

Kama mpira wa kufunika kebo pale juu haupo, tafuta mwingine. Pikipiki ikioshwa kwa mashine ya maji, maji yanaingia palepale.

SpanaKumi
Sawa, injini. Kwanza jaribu bila kufungua: safisha vumbi lote kuzunguka shafti kwa brashi, weka matone machache ya oili ya kulegeza kutu pale inapoingia kwenye kava, subiri nusu saa, cheza mkono mbele na nyuma. Mara nyingi unalegea. Lakini sili ya vumbi (mpira unaoziba pale shafti inapopita) imeshakufa, vinginevyo maji yasingeingia, kwa hiyo mvua ikirudi tatizo linarudi nalo. Dawa ni kufungua kava.

Mwaga oili, ni karibu lita moja. Toa kiki (bolti ya 10), kisha bolti za kava kwa spana ya 8. Hazilingani urefu, kwa hiyo chora kava kwenye boksi na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inaweza kupasua mwili wa injini. Kava isipotoka, igonge kwa nyundo ya mpira. Usichokonoe kwa bisibisi kwenye maungio, oili itavuja maisha yote.

Weka alama mkono na kava kabla ya kutoa shafti. Isugue kwa msasa wa 600 wenye oili. Ikiwa ina mashimo pale sili inapokaa, badili shafti, sili mpya haitaziba. Nenda dukani na sili ya zamani mkononi.

Ukiwa umefungua, zungusha kwa kidole beringi iliyo katikati ya klachi. Ikikwaruza, ibadili. Hiyo ikifa klachi inakuwa nzito na inalia ukivuta liva. Ikibidi kutoa springi, bolti zake nne zilegeze kwa msalaba, kidogo kidogo, na kukaza vilevile. Nguzo zinazoshika hizo bolti ni za alumini, zinavunjika kwa mtu mwenye pupa.

Mwanga_2T
Njia rahisi ni kuunga mkono wa injini uwe mrefu. Wengi wanafanya hivyo, klachi inakuwa laini kabisa. Au kata springi kidogo.

SpanaKumi
Mkono wa milimita 30 ukiufanya 40 unapunguza nguvu kwa robo, lakini na pleti zinaachana pungufu kwa robo. Gia ya kwanza itaanza kupiga kelele na nyutro haitapatikana ukisimama. Kukata springi ni kuitafutia klachi kuteleza mlimani na madumu nyuma, pleti zitaungua.

Kuhusu springi, moja tu la kuangalia, kama ziliwahi kubadilishwa: pima unene wa waya wake. Kutoka milimita 2.0 hadi 2.2 springi ya umbo lilelile inakuwa ngumu karibu mara moja na nusu. Za kubahatisha dukani zinafanana kwa macho tu.

Kasulu_Juu
Nimeelewa wakuu. Nikirudishia, nirekebishe kwa kipimo gani?

fundi_gungu
Gasketi mpya (ya kuziba maungio ya kava), oili, kisha kebo. Nati ya juu kwenye liva iingize karibu yote, ubakishe nyuzi chache za skrubu. Rekebisha ya chini mpaka ncha ya liva icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta, kisha bana nati ya kufungia. Ya juu ni ya kusawazisha njiani tu. Angalia pia alama ulizoweka: mkono ukikaa tofauti na mwanzo, pembe yake na waya inaharibika na klachi itakuwa nzito tena hata kama kila kitu ni kipya.