Mnaouza na kufunga "taa kali" za LED, mmetuchosha!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila nikitoka usiku lazima nipishane na gari linalonitia kiwi mpaka ukingo wa barabara siuoni. Ukimwashia fulu (taa za juu) kumkumbusha ashushe taa, naye anakuwashia fulu ya kwake, ndipo unagundua kumbe muda wote huo alikuwa kwenye dimu (taa za chini)!

Tatizo mnalijua, ila biashara tamu. Taa ya halojeni, ile ya balbu yenye uzi unaowaka, tuseme ya H4 (balbu moja yenye uzi wa fulu na uzi wa dimu), imeundwa kufuata mahali uzi wa balbu unapokaa. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya taa ukaruka juu. Nyie mnachomoa hiyo na kuchomeka kijiti cha LED ambacho chipu zake hazikai pale uzi ulipokuwa. Ikipishana milimita moja tu, mwanga umeshakwenda kusikotakiwa. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani uone. Halojeni iliyosetiwa vizuri inachora mstari: juu giza, chini mwanga, na upande wa ukingo wa barabara mstari unapanda kidogo. Hizo zenu zinachora wingu. Mwenye gari anachekelea kwa sababu mbele ya bampa kumekuwa kweupe pe, wakati weupe huohuo wa karibu ndio unaomnyima kuona mbali.

Halafu hizo namba za kwenye maboksi! H4 ya kawaida inatoa kama lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,650 kwenye fulu na 1,000 kwenye dimu. Zenoni halisi (balbu isiyo na uzi, inayowaka kwa cheche ndani ya gesi) ya wati 35 inafika kama 3,200. Wewe unaniletea boksi la "lumeni 20,000" na unanitazama usoni bila haya. Nani alizipima? Na kelvini ni rangi ya mwanga, si nguvu yake! Anayekuuzia 8,000 kwa maelezo kwamba ni kali kuliko 4,300 anakuuzia ubluu.

Kwenye taa za ukungu ndiyo vituko vitupu. Zinakaa chini kwenye bampa ili mwanga utoke bapa na mpana, upite karibu na lami, uonyeshe kingo za barabara. Ukiweka kitu kinachorusha mwanga juu, unagonga matone ya ukungu na kukurudia machoni, unabaki kutazama ukuta mweupe. Na hadithi ya kwamba njano "inapenya" ukungu tuiache jamani. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi, yanatawanya zote karibu sawa. Njano inapunguza ubluu unaochosha macho, basi. Ufaransa ilizilazimisha taa za mbele za njano kwa sheria ya 1936 na ikaachana nazo 1993. Na wewe unayewasha za ukungu usiku mkavu, anga safi, ili gari lipendeze, sina la kukuambia.

Kinachoniudhi zaidi ni mafundi. Mteja analalamika taa hafifu, fundi anakimbilia kuuza balbu, hajapima hata volti kwenye soketi! Balbu ya halojeni ikipata asilimia 90 ya volti zake, mwanga unashuka hadi kama asilimia 70. Dawa hapo ni relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na waya mnene kutoka kwenye betri. Kama kioo kimepauka kikawa cha njano kwa jua, kipigwe msasa wa maji kisha kipakwe vanishi isiyo na rangi ya kukikinga. Lakini hapana, wanakuwekea balbu za wati 100 kwenye waya uliokusudiwa wati 55. Nimeshaona soketi ya namna hiyo ikifunguliwa: plastiki imeyeyuka, imekuwa ya kahawia, imegandana na miguu ya balbu, inatoka kwa koleo.

Sasa wauzaji mliomo humu, wekeni picha ya ukutani, mita 10, dimu, kabla na baada ya hizo LED zenu. Picha ya boksi sitaki.