Nina umeme wa gridi (LUKU) tayari, niongeze hela nifunge sola? (Mafinga)

Wakuu, nataka umeme safi. Nina taa 5 za wati 7 na TV ya wati 50. Inalipa?

— Mkuu, kama shida ni usafi tu, tunza hela. Umeme mwingi wa gridi unatoka kwenye mitambo ya maji: Kihansi megawati (MW) 180, Mtera MW 80, Nyerere MW 2,115. Sola lipia kwa ajili ya kukatika. Taa saa 5 ni wati-saa (Wh) 175, TV saa 4 ni Wh 200. Betri ya asidi ya 12V 100Ah inatosha, ila usitumie zaidi ya nusu ya chaji, sahani za ndani ya betri zitaota salfeti (ukoko unaoiharibu).

— Nyongeza: paneli wati 200, itazame kaskazini. Usibane ukubwa wa paneli, ukungu wa Juni upo. Waya mwembamba unakula volti. Weka mm² 6. Pasi ibaki kwenye LUKU, ni nzito kwa sola hii.