Makala imerudi: "ikasomwe na mzawa wa Kiingereza". Nifanyeje?

Mwana_Kigombe:
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, naandika kuhusu kina mama wa Kigombe wanaochokoa pweza kwa mchokoo, ile fimbo ya kuchokolea. Miaka miwili nimeshuka nao mwambani kila bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo bahari hujaa na kukauka kuliko kawaida, maji yakikauka, na kila pweza nimempima kwa mizani. Jana makala imerudi kutoka jarida la sayansi. Mhakiki wa kwanza kauliza mambo ya maana. Wa pili kaandika mistari minne tu, mmoja ndio huo hapo juu.

Kinachoniuma, nusu ya kosa ni langu. Kiingereza huita bamvua kwa maneno mawili, "spring tide", na la kwanza peke yake ni jina la majira yao ya maua kuchipua. Mimi nikawa naandika hilo moja. Mhakiki kauliza: kwani Tanga kuna majira hayo? Halafu mshiriki namba 7, mama wa makamo, ukurasa wa 4 ni mwanamke, wa 6 kageuka mwanamume. Kwetu si wote ni "yeye"!

Msahihishaji kanitajia bei inayozidi mshahara wangu.

Chumbageni_Leo:
Pole mkuu. Mwaka 2023 Amano na wenzake waliandika kwenye PLOS Biology, waliwauliza wanasayansi 908 wa nchi 8. Wasio wazawa wa Kiingereza huambiwa warekebishe lugha zaidi ya mara 12 kuliko wazawa. Usilipe kwanza. Jaribu AuthorAID, mtandao wa kuwasaidia watafiti wa nchi zinazoendelea kuandika makala, wana walezi wa bure.

Raskazone_Upepo:
Andika kwa Kiswahili, yaishe.

Mwana_Kigombe:
Wapi, ndugu yangu? Jarida la Kiswahili la pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni la lugha na fasihi, pweza wangu hawana nafasi.

Mwalimu_Mstaafu:
Mwanangu, mjibu mhariri hoja moja moja, kwa namba. Ya lugha, mwombe akutajie sentensi zenyewe zisizoeleweka. Mimi niliwahi kuomba hivyo, zikaja tatu tu, kelele zote zile! Na bamvua iache ilivyo, uifafanue mara moja mwanzoni.

Mwana_Kigombe:
Shikamoo mwalimu. Bamvua nimeirudisha kila mahali. Namba 7 nimempigia simu nimweleze alivyogeuzwa mwanamume. Kacheka weee, kisha kauliza: "Na huyo bwana ana mchokoo wake, au atataka kuazima wangu?"