Kinyama cha mapafu kutoka Mtwara kwenda Dar kwa kipimo cha jeni: kiandaliweje?

Msimbati_Klinika: Wakuu, patholojia imeshasoma: adenokasinoma ya mapafu (saratani inayoanzia kwenye seli za tezi). Daktari wa saratani anataka kipimo cha EGFR na ALK, jeni ambazo zikibadilika kuna dawa zake maalumu, kabla ya kuchagua dawa. Nitume nini Dar, na kitaharibikia wapi?

Maabara_Mikindani: Tuma bloku ya parafini (kinyama kilichogandishwa ndani ya nta), usitume kinyama kikielea chupani. Ila mara nyingi uharibifu huanzia chumba cha upasuaji, basi la kusafirishia linasingiziwa tu. Kinyama kiingie kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10 yenye bafa ya kuzuia isiwe asidi, ndani ya saa moja, ujazo wake mara 10 ya kinyama, kikae saa 6 hadi 72. Kikipungukiwa muda, katikati hakihifadhiki vizuri. Kikipitiliza, DNA inakatikakatika, na hapo mashine haina cha kusoma. Kama kimetoka kwenye mfupa, msilainishe kwa asidi kali. EDTA, kemikali inayoondoa kalsiamu, ni ya polepole lakini jeni zinabaki.

Ruvula77: Naongeza: msiimalize bloku kwa kupaka rangi! Rangi mbili za kutambua aina ya seli, TTF-1 na p40, kwa kawaida zinatosha kutofautisha adenokasinoma na skwamasi, aina nyingine ya saratani ya mapafu. Mtaalamu wa patholojia aandike pia asilimia ya seli za saratani. Vipimo vingi vya EGFR vinapata shida zikiwa chache mno, hasa chini ya asilimia 20. Na bloku isisafiri kwenye buti lenye joto, nta italainika.

Msimbati_Klinika: Asante sana. Bloku ikiwa imekwisha, damu inafaa?

Maabara_Mikindani: Inafaa, kwa masharti. Tyubu ya kawaida ya EDTA (hapa inazuia damu isigande) inataka plazma, yaani maji ya damu, itenganishwe ndani ya saa chache, la sivyo chembe nyeupe zinapasuka na DNA yake inaifunika ile ya uvimbe. Kwa safari ndefu tafuta tyubu yenye kihifadhi cha seli, na usiigandishe. Damu ikionyesha badiliko la EGFR, lichukulieni kuwa lipo. Isipoonyesha, hamjathibitisha kitu. Uvimbe mwingine hautoi DNA ya kutosha, rudini kwenye kinyama.

Ruvula77: Jambo moja linalosahaulika: majibu ya PD-L1, protini inayopimwa kwenye uvimbe, hutoka mapema, ikiwa juu watu wanakimbilia dawa ya kinga (inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani). Kama mgonjwa hali yake inaruhusu, subirini EGFR na ALK kwanza. Wenye badiliko la EGFR kwa kawaida hawanufaiki sana na dawa ya kinga peke yake, na osimertinib, dawa ya saratani yenye badiliko hilo, ikifuata muda mfupi baadaye, hatari ya mapafu kuvimba inapanda.