Mrejesho: Gari yangu, Subaru Forester, nimeiuza, na sikushusha hadi milioni 13

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama niishushe Forester yangu ya 2009 kutoka milioni 16 hadi 13, kama dalali alivyong'ang'ania. Sikumsikiliza. Imeondoka jana kwa 15, hapahapa Moshi.

Kilichouza ni lile faili la risiti za matengenezo mlilonishauri niliandae. Mnunuzi, mama mmoja wa Marangu, alikuja na fundi wake. Fundi hata rangi hakuitazama. Alichuchumaa kukagua kashata za tairi zote nne. Gari kama hii, inayovuta kwa tairi zote nne muda wote, haitaki tairi mbili mpya na mbili kipara, mfumo wa kugawa nguvu mbele na nyuma ndio unaoumia. Zangu nilinunua nne kwa mpigo, risiti ipo. Akauliza taiming belti (mkanda wa injini unaotakiwa kubadilishwa kabla haujakatika): ilibadilishwa kwenye kilomita 98,000, pamoja na wota pampu, ile pampu ya maji ya kupozea injini. Akanyamaza, hakuwa na swali tena.

Tukapanda nayo Kibosho kwenye matope, mama mwenyewe kwenye usukani. (Dalali alishaniambia wanawake hawanunui Subaru. Haya.)

Hela imepita benki, mkataba kwa wakili. Jumatatu tunakutana TRA kubadilisha umiliki. Asanteni sana.