Mashine ya kurudi zamani, safari moja, mzigo wa kilo 20: twende mwaka gani?

Mdadisi: Wakuu, tuchukulie mashine ipo. Inabeba mtu mmoja na kilo 20, na inakwenda mara moja tu. Wengi hukimbilia kumuua dikteta, lakini pengo lake atalijaza mwingine. Nataka mwaka, mahali na kitu kitakachoendelea kuokoa watu hata msafiri akifa siku ya pili.

Tabibu: London, mwishoni mwa 1831, kipindupindu kinapoingia Uingereza. Peleka maji ya sukari na chumvi. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Kipindupindu hakiharibu mlango ambao glukosi (ya sukari) na sodiamu (ya chumvi) hupitia pamoja kuingia mwilini. Vikiingia, maji huvifuata. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon, India, Dilip Mahalanabis na wenzake walitumia glukosi, chumvi na bikaboneti, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Panapoharibika ni kwenye kipimo. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi, huvuta maji yarudi utumboni na kuhara kunaongezeka. Onja kwanza: yasizidi machozi kwa chumvi. Mgonjwa akitapika, subiri dakika 10, kisha mnyweshe kijiko kimoja kimoja. Kwa hiyo mzigo wenyewe uwe vijiko vya kupimia, vingi uwezavyo, maana huko utakuta kila nyumba na kijiko chake.

Maabara: Dawa nakubali, mkuu, ila nani atakusikiliza? Vienna, 1847, Semmelweis aliwanawisha madaktari kwa maji ya klorini. Vifo vya homa ya uzazi wodini mwake vilikuwa asilimia 18 mwezi Aprili. Kufikia katikati ya mwaka vilikuwa karibu 2. Bado wakubwa wa fani walimkataa, na yeye alikuwa daktari mwenzao. Sembuse mgeni asiyejulikana.

Tafuta mtu aliyebakiza hatua moja. Desemba 1831 William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu akaona imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka 1832, Leith, Scotland, daktari Thomas Latta akaingiza maji ya chumvi mishipani, na baadhi ya mahututi wakaamka na kuzungumza. Njia hiyo ikaachwa: maji hayakuwa salama, walipewa waliokaribia kufa tu, na wengi walizidiwa tena baada ya kuamka. Watu hawa ukiwaambia "tia sukari, mnyweshe mapema, usikome", wana kila sababu ya kujaribu. Usiwaletee nadharia ya vijidudu siku ya kwanza. Waache wahesabu wenyewe waliopona.

Mchanjaji: Mimi nakwenda nyuma zaidi ya 1796, mwaka ambao Edward Jenner alijaribu chanjo ya ndui. Ndui iliua watu wapatao milioni 300 katika karne ya 20 pekee, na kinga ilikuwepo kwenye chuchu za ng'ombe muda wote. Chukua majimaji ya lengelenge la ndui ya ng'ombe yakiwa bado meupe kama maji, kabla hayajawa usaha, uyakwaruzie mkononi mwa mtu, kisha kutoka kwake kwa mwingine, kama mnyororo. Hatari ni mbili: mnyororo ukikatika dawa imekwisha, na mkono kwa mkono unaweza kupitisha kaswende.

Falaki: Mashine ipige hesabu ya mahali pia. Dunia hulizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde. Ukikosea sekunde moja hutui London. Na msafiri akae karantini kabla ya kuondoka, asije akawapelekea mafua ambayo miili yao haijawahi kukutana nayo.

Mdadisi: Tabibu, sukari ya 1831 ilitoka kwenye mashamba ya watumwa. Hakuna njia nyingine?

Tabibu: Ipo, na ni nzuri. Unga wa mchele gramu 50 kwa lita, chumvi ileile, uchemshe dakika chache huku unakoroga, ubaki uji mwepesi wa kunyweka. Wanga wake hugeuka glukosi polepole utumboni. Ila huchacha upesi: pika asubuhi, na jioni mwaga uliobaki, upike mwingine.